Kikao cha Ukoo Kuhusu Toleo Jipya

Mimi si mtu wa kujisifu bila sababu. Sababu ninazo, na ni vizuri zijulikane mapema ili msomaji asipate taabu ya kuzitafuta. Nilizaliwa Merikit, wilayani Tororo, katika nyumba ya udongo. Nilikwenda Uarabuni kulinda lango la jengo la maduka, nikisimama usiku kucha kwa miguu yangu miwili, na wenzangu walipolala mchana mimi nilikuwa darasani. Nilirudi Tororo na kompyuta ya kubeba begani na diploma ya teknolojia ya habari. Nikajenga nyumba yenye vigae sakafuni. Diploma nimeitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni, akae kiti chochote, lazima aione. Viti nilivipanga mwenyewe.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba ukoo wetu uliponikabidhi watu wake wote, haukufanya hivyo kwa kunihurumia.

Kwetu Wateso, kijana na msichana hawaoani ikiwa kuna damu kati yao, hata kama damu yenyewe ilipita kwa bibi wa bibi. Kwa hiyo ukoo huandika: nani alizaliwa nyumba ipi, nani aliolewa wapi, mama yake alitoka kwa watu gani. Kwa miaka mingi habari hizo zilikaa katika madaftari ya shule ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha karani wa zamani. Alipofariki, sanduku lilifunguliwa, tukakuta mchwa wamekwisha kula wakwe wengi. Hapo ndipo kikao kikanikumbuka. Nikateuliwa Katibu wa Ukoo, Kitengo cha Kompyuta. Kabla yangu kitengo hicho hakikuwepo, na mpaka leo nimo peke yangu.

Programu niliyotumia niliipata chuoni. Ilitengenezwa kwa ajili ya maghala ya vipuri vya magari, lakini mtu aliyesoma hazuiliwi na jambo kama hilo. Palipoandikwa "msambazaji" niliweka watu wa upande wa mama. Binti akiolewa, nabonyeza "imehamishiwa ghala jingine". Mtu akifariki, nabonyeza "imetoka ghalani". Ilifanya kazi vizuri sana. Lilibaki tatizo moja tu: kwenye kona ya chini ya kioo, programu ilionyesha jumla ya bidhaa zote zilizomo.

Kwetu watu hawahesabiwi. Mgeni akiuliza umezaa wangapi, unamtajia majina mpaka achoke, lakini idadi humpi. Siku niliyowaonyesha wazee kazi yangu, shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, aliiona ile namba imekaa pale chini akainuka kitini.

"Hiyo ni nini?"

"Ni jumla, shangazi."

"Jumla ya nini?"

"Ya sisi."

Alifungua mkoba wake, akatoa plasta ya kufungia vidonda, akaibandika juu ya ile namba na kuikandamiza kwa kidole gumba. Imekaa hapo hadi leo. Nikiwa kwenye shughuli za watu huulizwa kama kompyuta yangu iliumia.

Siku hiyohiyo niliomba ruhusa ya kuweka nakala kwenye flashi. Niliieleza nakala ni nini kwa lugha nyepesi, kama nilivyofundishwa. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kama sisi tuko humo ndani, na tena tuko ndani ya hako kajiti, siku ya kufa atakufa yupi kwanza?" Kikao kilipiga makofi. Muhtasari, ambao niliuandika mwenyewe, unasema nakala imekataliwa. Ama yale madaftari, ni mimi niliyetangaza kwamba zama za karatasi zimekwisha, na yakapewa muuza karanga wa sokoni Merikit. Wiki mbili baadaye nilinunua karanga zilizofungwa ndani ya ukurasa wa babu yangu. Nilizila, ila sikuzifurahia.

Hivyo ndivyo ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, ulivyobaki mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta yangu.

Sasa kuna binti wa kaka yangu. Kaka alifariki binti huyo akiwa chuo cha ualimu, nami ndiye baba mdogo niliyebaki wa kumsimamia. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kwapa. Miaka minne nyuma alipata mchumba, hema zikasimamishwa, wapishi wakaja, na wageni wakiwa tayari barabarani ikagunduliwa kwamba bibi wa yule kijana alikuwa wa kwetu. Wageni waligeuzwa wakiwa na makreti yao ya soda kichwani. Binti alivua vitenge, akaenda jikoni kuosha sufuria pamoja na wapishi. Hakulia mbele ya mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za ndoa.

Mwaka jana alikuja nyumbani kwangu na mchumba mwingine mdomoni. Kijana alikuwa Mteso mwenzetu wa upande wa pili wa mpaka, Busia ya Kenya. Siku ya utambulisho na ya kumkabidhi binti ilipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alikunywa chai yote kabla hajasema kilichomleta.

"Baba mdogo, safari hii nataka nijue kabla sijasuka nywele."

"Utajua," nikamwambia. "Mambo haya sasa ni ya kompyuta."

Nilimpigia simu katibu wa ukoo wa kijana. Ana duka la fotokopi karibu na stendi ya Busia, ng'ambo, na ana digrii. Jambo hilo hulitaja katika dakika ya kwanza ya mazungumzo, tabia ambayo mimi binafsi siipendi.

"Mkubwa, orodha yetu yote iko kwa mashine," akasema. "Nakutumia faili. Ama unataka nikuje na laptop yangu huko kwenu tuangalie pamoja? Ni kuvuka tu."

"Hapana, tuma," nikasema. "Sisi huku tuko sawa."

Faili ikaja Jumapili baada ya ibada. Nikaifungua. Haikufunguka. Kompyuta iliniambia kwa adabu kwamba faili imetengenezwa kwa toleo jipya la mfumo, na kwamba mfumo wangu ni wa zamani.

Jambo hilo nililijua. Kwa muda wa mwaka mzima kompyuta ilikuwa ikiniamkia kila asubuhi na maneno yaleyale: toleo jipya kubwa lipo tayari. Chini yake vibonye viwili, "Sasisha sasa" na "Nikumbushe baadaye". Katika kibonye hicho cha pili nilikuwa nimekuwa bingwa. Niliweza kukibonyeza nikiwa bado napiga mswaki. Lakini Jumapili hiyo nilikaa chini nikasoma masharti yote hadi mwisho, jambo ambalo nina hakika watu wachache sana Tororo wamelifanya. Masharti yalisema baadhi ya programu za zamani huenda zisifanye kazi katika toleo jipya. Yangu ilikuwa ya zamani hata siku niliyopewa.

Basi mambo yalikuwa hivi. Nikisasisha, watu wa kijana watafunguka na wetu huenda wakafungwa. Nisiposasisha, wetu watabaki wazi na wa kijana watabaki wamefungwa. Na ili binti aolewe, ni lazima wote wawe wazi kwa wakati mmoja.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu.

"Si umwambie tu aje na mashine yake?" akasema. "Mnaziweka meza moja, huyu anasoma, huyu anasoma. Darasa la nne wanaweza."

"Mambo ya kitaalamu hayafanywi hivyo."

"Yanafanywaje?"

Nikamwambia yanafanywa kwa utaratibu. Ukweli, ambao nimeupata baadaye sana, ni kwamba sikuweza kuivumilia picha ya ile digrii ikikaa kwenye kiti changu, chini ya diploma yangu, ikiuliza kama hii ni ya chuo gani.

Utaratibu nilioutafuta ulikuwa kikao. Nilifikiri hivi: nikikosea peke yangu nitaitwa mjinga, lakini tukikosea kikaoni itaandikwa kuwa ni azimio. Jumanne tukakutana Merikit kwenye veranda ya mwenyekiti wa ukoo, mzee mmoja aliyeendesha malori ya saruji maisha yake yote na bado huongea kama anayepishana na lori jingine. Kikafunguliwa kwa sala. Zikasomwa samahani za waliokosa kufika. Kisha nikatoa hotuba fupi ya dakika arobaini kuhusu mifumo endeshi.

"Wewe nasema hii mashine nataka kuwa mpya," akasema mwenyekiti nilipomaliza. "Hii ya sasa nagonjwa?"

"Haiumwi, mzee. Lakini wenye nayo wameacha kuitunza."

"Wenye nayo ni nani? Si wewe?"

"Hapana, ni kampuni huko mbali."

Minong'ono ikapita. Kumbe watu walikuwa wakiamini miaka yote kwamba kompyuta hiyo niliitengeneza mimi. Sikuwahi kusema hivyo. Sikuwahi kukanusha pia.

Mzee aliyekuwa akichanja ng'ombe wa serikali, ambaye wote humwita daktari, alisimama. "Mimi najua chanjo," akasema. "Ukichanja ng'ombe mzima, siku mbili atalala, hatakula, halafu ataamka na nguvu. Lakini usichanje mwenye mimba. Swali langu kwa katibu: ndani ya mashine hii kuna kitu chochote ambacho hakijazaliwa?"

Nikasema hakuna. Akaketi ameridhika kabisa, na naona kura nyingi zilipatikana hapo.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Anajua ukoo kwa mdomo kuliko mtu yeyote aliye hai, na ndiyo maana nilitarajia ataimaliza habari yote papo hapo. Hakuimaliza.

"Watu wetu nawajua mpaka kwa bibi," akasema. "Juu ya hapo nawajua nusunusu. Kwa huyu mtoto sitasema nusunusu. Mara ya kwanza nilisema nadhani hakuna damu. Mlimwona akiosha sufuria."

Binti hakuwepo, alikuwa darasani kwake Kwapa, na hata hivyo watu walitazama chini kana kwamba amepita.

Tukaazimia kusasisha, kwa masharti: wazee wawepo, watu wasihesabiwe, na Katibu, Kitengo cha Kompyuta, awajibike. Sharti hilo la tatu sikulipendekeza mimi. Kisha chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi, kikaletwa katikati, kila mtu akapewa mrija wake, na azimio likaonekana la busara zaidi kila maji ya moto yalipoongezwa.

Jumatano saa nane mchana walijaa sebuleni kwangu. Waliacha viatu mlangoni kwa sababu ya vigae, wakatembea kwa tahadhari kama watu wanaovuka mto. Nikaunganisha intaneti, nikavuta pumzi, nikabonyeza kibonye ambacho sikuwahi kukigusa. Kioo kikawa buluu. Katikati yake, kwa herufi kubwa, ikatokea asilimia moja. Kisha mbili. Kisha tatu.

"Inahesabu!" shangazi akapiga kelele.

"Haihesabu watu, shangazi. Inahesabu kazi."

"Kazi haina miguu ya kutembea moja, mbili, tatu. Inatuhesabu!"

Plasta isingetosha. Alivua kitambaa chake cha kichwani akakifunika juu ya kompyuta yote, akakifunga nyuma kwa fundo kama anayemfunika mtoto asipigwe na upepo. Kwa hiyo hatukujua tena imefika wapi. Tulikaa tukitazama kitambaa cha maua kwa saa mbili na nusu. Mara kwa mara mashine iliunguruma chini yake na daktari wa ng'ombe alitikisa kichwa kama anayeijua dalili hiyo. Mwenyekiti alipata nafasi ndefu ya kuisoma diploma yangu, nami nikampa ufafanuzi.

Hatimaye ikalia. Kitambaa kikafunguliwa. Kila kitu kilikuwa kipya na kinang'aa, vibonye vimehama, na picha ya mlima ambao si wa kwetu. Nikafungua ile faili ya Busia. Ikafunguka palepale: watu wa kijana, nyumba kwa nyumba, mama kwa mama, wamepangwa vizuri. Inaniuma kusema, lakini walikuwa wamepangwa vizuri.

Nikafungua ya kwetu. Kompyuta ikasema programu hii haiwezi kutumika kwenye toleo hili.

Nikabonyeza tena. Ikasema vilevile. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba haikusikia.

"Wetu wako wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Wapo, mzee. Ila hawafunguki."

"Na wale wa ng'ambo?"

"Wale wako hapa."

Mzee alikitazama kioo. "Yaani kijana hajaleta hata ng'ombe mmoja," akasema polepole, "na ukoo mzima umeshahamia kwao?"

Binti alikuwa ametoka shule na kusimama mlangoni bado na chaki mikononi. Nilijiandaa kumwambia jambo la kitaalamu. Yeye akanitangulia, tena kwa sauti ya chini ili wazee wasisikie.

"Baba mdogo, mimi sikuomba kompyuta. Niliomba jibu."

Wengine wakaanza kutafuta viatu vyao. Mimi nilibaki nikisoma kila kitu kilichoandikwa ndani ya mashine ile, mpaka nikakuta mstari mmoja mdogo: ukijuta, unaweza kurudi kwenye toleo la zamani ndani ya siku kumi. Niliwasomea kwa sauti. Nyuso zikabadilika. Mwenyekiti alisema hiyo kampuni ni ya watu wazima.

"Siku kumi za kujuta," shangazi akasema, akivuta kitambaa chake tayari kukifunga tena. "Mimi nilipoolewa sikupewa hata mbili."

Alhamisi asubuhi tulirudi tulikotoka. Plasta ilikuwa palepale, programu ikafunguka, na nyumba ya kwanza ya ukoo ikatokea kwenye kioo. Nikapumua.

"Wamerudi wote?" mwenyekiti akauliza.

"Wote."

"Umejuaje?"

Njia pekee ya kujua ilikuwa chini ya plasta, na hata ningeibandua, hakuna aliyewahi kuisoma namba ya zamani ili tulinganishe. Mwenyekiti alielewa kabla yangu. Akavaa viatu vyake akaondoka bila kuniaga vizuri.

Na bado watu wa kijana walikuwa wamefungwa. Nilikuwa nimezunguka siku nne kwa utaratibu na kurejea mahali nilipokuwa Jumapili, tofauti ikiwa kwamba sasa ilikuwa Alhamisi. Binti alikuwa sebuleni. Alichukua simu yangu mezani akanipa, namba ya mwenye digrii ikiwa tayari kwenye kioo.

Nilimpigia. Nilisema kwamba kwa sababu za kiufundi ingekuwa bora nije mimi.

"Karibu sana, mkubwa," akasema. Hakuuliza sababu zipi. Hilo nalo liliniudhi.

Ijumaa tukavuka, mimi, shangazi na binti. Kwenye ukaguzi wa mpakani askari alinyoosha kidole kwenye begi nililolikumbatia kifuani.

"Umebeba nini humo?"

Nilikuwa nafungua mdomo niseme kompyuta. Shangazi, ambaye hadanganyi serikali, akajibu kabla yangu.

"Amebeba watu."

Askari akasogea. "Watu wangapi?"

"Hatuwahesabu," akasema shangazi.

Tulicheleweshwa pale muda wa kutosha mtu kula chakula cha mchana na kupumzika. Mwishowe ni binti aliyewaeleza, kwa ile sauti ya mwalimu ambayo hata askari huisimamia wima, wakatuachia wakicheka.

Mwenye digrii alitupokea dukani kwake katikati ya mashine za fotokopi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilikuwa na majibu kuhusu chuo changu, kuhusu programu yangu, hata kuhusu plasta. Akageuza kompyuta yake ituelekee. Ilikuwa nyembamba, mpya, ya toleo jipya. Na kwenye kona ya chini ya kioo chake kulikuwa na kipande cha plasta.

Aliona ninavyoitazama. "Ni nyanyangu," akasema. "Hataki kuona hiyo kitu."

Shangazi akavuta kiti, akaketi kama aliyefika nyumbani.

Tukaziweka meza moja. Yeye akasoma, mimi nikasoma. Tulipanda kwa akina mama wa kijana mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nilitafuta kwetu. Wa kwanza hakuwepo. Wa pili hakuwepo. Tulipofika kwa bibi mzaa babu yake, akasoma jina, akasema aliolewa akitokea Sop Sop, kijiji cha upande wetu wa mpaka. Nikatafuta. Kwenye kioo changu likatokea jina hilohilo, mwanamke wa kwetu, "imehamishiwa ghala jingine", Sop Sop.

Binti alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake na kuikunja vidogovidogo. Ikiwa mwanamke wetu aliolewa Sop Sop akazaa, na aliyetoka Sop Sop kwenda ng'ambo ni binti yake aliyepewa jina la mama, basi damu ilikuwa hapo mezani.

"Soma tena," shangazi akaniambia. "Baba yake nani?"

Nikasoma.

"Huyo!" akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Huyo ndiye aliyenilea. Hakuzaa. Walimrudisha nyumbani kwa sababu hakuzaa, ndiyo maana alinichukua mimi. Huyo nilimzika kwa mikono yangu."

Mwenye digrii naye akashuka mstari mmoja kwenye mashine yake. Mama wa yule mwanamke wao wa Sop Sop ameandikwa pamoja na ukoo wake: ni wa watu wengine kabisa, na alitokea Merikit kwa jirani zetu tunaowajua hadi leo. Yalikuwa majina tu yaliyofanana. Tukapanda mpaka mwisho. Hakukuwa na damu.

Binti alikiachia kitenge. Alitoka nje ya duka, na kupitia dirishani nilimwona akimpungia mwanamke wa saluni ng'ambo ya barabara. Alikwenda kuweka miadi ya nywele.

Ningependa kumbukumbu hizi ziishie hapo. Lakini mwenye digrii ni mtu wa kukamilisha mambo. Alitaka pia nyumba ya binti, yaani nyumba ya marehemu baba yangu, ili aiandike upande wao. Nikasoma: kaka yangu mkubwa, baba wa binti, "imetoka ghalani". Dada zangu. Kaka wa kati, naye "imetoka ghalani". Nikainua kichwa.

"Endelea," shangazi akasema.

"Imeisha."

"Na kitinda mimba?"

Nikapandisha orodha, nikaishusha. Kitinda mimba hakuwepo. Mashine ilikuwa imempoteza mtu wakati wa kwenda na kurudi, na kama amepotea mmoja basi nani anajua wangapi, na nitamwambia nini mwenyekiti? Nilisema kwa sauti: "Kuna mtu hakurudi."

"Ni nani?" akauliza mwenye digrii.

Ndipo nikaelewa kwamba kitinda mimba wa baba yangu ni mimi.

Akaomba ruhusa, akavuta kompyuta yangu kwake, akatafuta. Alinipata haraka. Programu ile huwapanga watu kwa neno la kwanza waliloandikiwa, na kila mtu nilimwanza kwa jina la baba yake. Mimi nilijianza kwa diploma. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu kwenye herufi D, sina baba, sina mama, sina nyumba, na sikuletwa hapo na toleo lolote. Nilikuwa hapo tangu siku ya kwanza.

Shangazi alisogeza uso karibu na kioo. Nikamsomea kilichoandikwa.

"Diploma," akarudia. "Huyu ni wa ukoo gani?"

Mwenye digrii aligeukia mashine ya fotokopi na kuanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nitamheshimu kwa hilo siku zote.

Binti alikuwa amerudi na kusikia. "Jihamishe, baba mdogo," akasema. "Kesho watauliza nani anasimama kwa ajili yangu. Utasimama kama nani?"

Nikalifuta lile neno. Programu ikauliza kama nina uhakika. Nikaandika jina la baba badala yake, na mara nikaruka kutoka herufi D nikatua nyumbani, chini kidogo ya kaka yangu aliyetoka ghalani.

Jumamosi wageni walifika, wakaulizwa, wakajibu, nami nikasimama mbele ya hema mbili na kutangaza kwamba hakuna damu. Nilizungumza kwa ufupi. Mwenyekiti alisema hajawahi kunisikia vizuri namna ile. Diploma bado iko ukutani, na viti sijavihamisha.

Jioni, kabla hajapanda gari la kwenda Busia, binti alikuja akiwa amesukwa vizuri, akaomba kuona akiandikwa. Nikafungua kompyuta. Kwanza lilitokea lile tangazo, toleo jipya kubwa lipo tayari, nikabonyeza "Nikumbushe baadaye" bila hata kuangalia. Kisha nikamtafuta, nikabonyeza panapostahili, na mbele ya jina lake yakatokea maneno: imehamishiwa ghala jingine.

Aliyasoma akiwa ameegemea bega langu.

"Baba mdogo, hakuna neno jingine?"

"Labda kwenye toleo jipya," nikamwambia.